Kundalini au Vipassana: ipi utaiweza maisha yote?

Mtu akiuliza "nianze na yoga gani", jibu halina uzito: anza na yoyote iliyo karibu yenye mwalimu asiye na makeke. Akiuliza "nishike njia gani mpaka uzeeni", hapo inabidi tukae chini. Mara nyingi anayeuliza hivyo ameshaonja Kundalini na imemkolea. Pengine alitoka darasani machozi yakimlengalenga bila kujua kwa nini, na sasa anataka kuweka nadhiri. Kabla hajaiweka, namshauri ailinganishe na njia nyingine inayomdai mtu vilevile, mwili na roho: Vipassana, taamuli ya ukimya aliyoifundisha S. N. Goenka.

Njia hizi mbili zilijitokeza kwa umma mwaka mmoja, 1969. Mwaka huo Harbhajan Singh Puri, ofisa wa forodha wa zamani kutoka Delhi ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Yogi Bhajan, aliasisi 3HO, shirika la kueneza yoga yake, huko Los Angeles. Mwaka huohuo Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay, Burma (Myanmar ya leo), aliendesha kozi yake ya kwanza nchini India. Alikuwa amefundwa Burma na Sayagyi U Ba Khin, mtumishi wa serikali aliyewahi kuwa mhasibu mkuu wa nchi. Zote mbili huwaamsha watu kabla ya mapambazuko, na zote mbili hujinasibisha na mapokeo ya kale. Baada ya hapo zinaachana kabisa.

Nikisema Kundalini hapa nina maana ya yoga ya Yogi Bhajan, ile ya nguo nyeupe na kilemba, kwa kuwa ndiyo mtu anayokutana nayo akitafuta darasa lenye jina hilo. Dhana yenyewe ya nguvu iliyojiviringisha chini ya uti wa mgongo ilikuwepo karne nyingi kabla yake, katika maandiko ya tantra na hatha yoga, na wapo wengine wanaoifundisha kwa namna zao. Hao nawaacha leo.

Mkekani kuna nini

Kundalini ina sauti. Darasa hufunguliwa kwa viganja vilivyokutana kifuani na mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiwa, "Ong Namo Guru Dev Namo" mara tatu. Inafuata kriya, yaani mfululizo wa mazoezi uliokwisha kupangwa: mkao huu dakika kadhaa, pumzi ile dakika kadhaa, kwa mpangilio usiochezewa. Unaruhusiwa kufupisha muda lakini si kuchanganya wala kuongeza vya kwako. Kisha unalala chali, kisha taamuli, mara nyingi ya kuimba, na mwisho "Sat Nam" ndefu ya kufungia.

Chukua Sat Kriya, ambayo ndiyo moyo wa mfumo mzima. Unakalia visigino, mikono umeinyoosha juu hadi inabana masikio, vidole umevifumbata isipokuwa vile vya shahada vinavyoelekea dari. Unasema "Sat" huku ukikivuta kitovu ndani kuelekea uti wa mgongo, unasema "Nam" ukikiachia. Mwendo ni kama mara nane kwa sekunde kumi. Dakika ya kwanza unajiona hodari. Dakika ya pili mabega yanaanza kuwaka na viwiko vinataka kukunjika vyenyewe. Mwisho unavuta pumzi, unaibana, unabana na misuli ya chini ya nyonga, halafu unaachia na kulala. Huko kulala ndiko kunakowapata watu: mwili unavuma, kichwa kimenyamaza, na mtu asiyewahi kutulia maishani anajikuta ametulia bila kutumia nguvu.

Kwa asiyetaka jasho ipo Kirtan Kriya, dakika 12 tu katika toleo lake fupi. Unatamka silabi nne, Sa, Ta, Na, Ma, na kwa kila silabi kidole gumba kinagusa kidole kimoja, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho. Dakika mbili kwa sauti, mbili kwa mnong'ono, nne kimoyomoyo, mbili tena kwa mnong'ono, mbili za mwisho kwa sauti. Hata mgonjwa aliyelala kitandani anaiweza.

Vipassana haina lolote kati ya hayo. Hakuna wimbo wa kuimba, mkao maalumu wala pumzi ya kuendeshwa. Unaingia kozi ya siku 10, unakabidhi simu, unanyamaza. Siku tatu za kwanza kazi yako ni kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani, kwenye kieneo kidogo cha chini ya pua na juu ya mdomo. Kuanzia siku ya nne unaupitisha uangalifu mwilini, utosini hadi unyayoni, sehemu baada ya sehemu, ukiona kila hisia inavyozuka na kupotea bila kuikimbilia wala kuikimbia. Kengele ya kwanza ni saa 10 alfajiri, na saa za kukaa zinafika kama kumi kwa siku. Mara tatu kwa siku kuna kikao cha saa nzima ambacho unaazimia kutofumbua macho, kutofumua miguu wala kutofungua mikono. Kuna dakika katika kikao hicho ambapo goti linakuwa ndilo ulimwengu wote, na huna wimbo wa kukuvusha. Ndiyo shule yenyewe hiyo.

Kwa maneno mengine, Kundalini inakubadilisha hali kwanza, kisha unatulia. Vipassana inakukataza kubadilisha hali, inakutaka uitazame. Mwenye akili inayokimbia kama upepo, ambaye akifumba macho anapambana na orodha ya madeni, kwa uzoefu wangu atadumu zaidi na ya kwanza. Aliyechoshwa na misisimko, anayejijua kuwa ni mtu wa kutafuta kulewa kwa jambo lolote hata lililo takatifu, ataponywa na ya pili.

Kipimo kidogo kabisa

Hapa ndipo ninapoamulia. Watu hupima njia za kiroho kwa kilele chake: fulani aliona nuru, fulani alitetemeka. Kwa jambo la maisha yote mimi hutazama mwisho ule mwingine: njia hii inakubali nini siku unayouguza mtoto, siku ya msiba, mwaka wa kazi ya zamu? Kipimo chake kidogo ambacho bado inakihesabu kuwa ni ibada kamili ni kipi?

Kundalini ina jibu zuri ajabu. Taamuli zake zimewekewa muda wa dakika 3, 11, 22, 31, 62, hadi saa mbili na nusu. Dakika tatu hazionekani kuwa za aibu, ni kiwango rasmi. Kuna na hesabu ya siku: 40 za kuvunja mazoea, 90 za kujenga mapya, 120 za kuyathibitisha, 1,000 za kuyamiliki. Sitaapa kwamba namba hizo zina siri yoyote, na maelezo ya kwa nini 31 na si 30 yananiacha baridi. Lakini kama mbinu ya kumfanya mwanadamu arudi kesho, zinafanya kazi. Ukikosa siku moja unaanza moja upya. Mtu atainuka kitandani saa tano usiku akafanye dakika zake 11 ili asipoteze siku ya thelathini na saba.

Juu ya hapo ipo sadhana, yaani ibada ya kila siku, iliyo kamili ya kabla ya jua: saa mbili na nusu za kisomo cha Japji (sala ya Kisikh), kriya, na mantra saba zinazoimbwa kwa dakika 62. Wachache huishika peke yao nyumbani. Wengi huifanya wakiwa kambini, wakarudi na dakika zao 31.

Goenka hakuacha ngazi za namna hiyo. Agizo lake kwa mwanafunzi aliyemaliza kozi ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, na kozi ya siku 10 mara moja kwa mwaka. Bora kitu kuliko pasipo kitu, watakuambia, ila kiwango ni hicho. Kwenye karatasi ni kazi ya heshima. Katika maisha ndiyo sababu ya watu wengi kuwa na kozi moja nzuri ya kusimulia na mto wa kukalia unaoota vumbi. Mwenye watoto wadogo aisome hesabu hiyo mara mbili kabla ya kuahidi kitu.

Mwasisi na kivuli chake

Kwa nadhiri ya maisha huwezi kuruka hapa, hasa upande wa Kundalini.

Yogi Bhajan alifariki 2004. Mwaka 2020 aliyekuwa katibu wake wa miaka mingi alichapisha kumbukumbu zake, na baada yake wakajitokeza wengine wengi wenye tuhuma dhidi yake. Taasisi zilizorithi kazi yake ziliajiri wachunguzi wa nje, An Olive Branch, na ripoti ya Agosti 2020 ikahitimisha kuwa kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake kwamba alihusika na udhalilishaji wa kingono na matumizi mabaya ya madaraka. Kabla ya hapo, mwaka 2012, mtafiti Philip Deslippe alikuwa ameshaonyesha kuwa mfumo huo haukushuka mzima-mzima kwenye mnyororo wa kale wa walimu, kama ulivyotangazwa. Sehemu kubwa alionyesha ilitoka kwa walimu wawili wa karne ya 20, Swami Dhirendra Brahmachari na Maharaj Virsa Singh. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa kwa miaka thelathini na mitano.

Je, zoezi linachafuka? Kuna walioacha kila kitu siku hiyohiyo, na siwezi kuwalaumu. Kuna waliobaki na kriya wakatoa picha yake ukutani. Kuna pia wanaofundisha kana kwamba hakuna kilichotokea, na hao ndio wa kuepuka. Kabla ya kujiandikisha, muulize mwalimu wako waziwazi anasemaje kuhusu ripoti ile. Akikujibu kwa utulivu na ukweli, kaa. Akianza kukueleza habari za "nishati hasi" na "majaribu ya imani", beba mkeka wako.

Goenka, aliyefariki 2013, alijipanga tofauti. Maelekezo ni sauti yake iliyorekodiwa, hotuba za jioni ni video, na walimu wasaidizi hawalipwi wala hawainamiwi. Ubaya wake upo pia: kanda haikusikii. Ukimpelekea mwalimu msaidizi jambo zito, jibu mara nyingi ni kwamba uendelee kuangalia tu. Wapo wanaoona huo ni usafi wa mafundisho. Mimi huona wakati mwingine ni ukavu. Hata hivyo, kati ya ukavu na utukufu wa mtu mmoja, kwa safari ya miaka arobaini ukavu una hatari ndogo.

Mwili, akili, na kilichopimwa

Pumzi ya moto ya Kundalini, ile ya kupuliza haraka kwa kitovu, si ya mjamzito, wala mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa, ugonjwa wa moyo au aliyepasuliwa tumbo karibuni. Mwalimu asiyeuliza hayo darasani hajui kazi yake. Kwa mtu wa miaka sabini kriya nyingi zinafanyika kwenye kiti, na hapa Kundalini inaipiku kwa mbali Ashtanga ya Mysore, mfumo wa K. Pattabhi Jois wenye siku sita za jasho kwa wiki, ambao magoti na mabega ya wengi huujadili upya wakifika umri wa kati. (Jois naye alituhumiwa kuwashika wanafunzi isivyostahili, usidhani ni ugonjwa wa nyumba moja.)

Vipassana haiumizi misuli sana, hatari yake ni kichwani. Siku 10 za ukimya si mapumziko. Fomu ya maombi inauliza historia ya afya ya akili, na ni juu yako kusema kweli. Utafiti wa Willoughby Britton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, uliotoka 2017, ulikusanya visa vya watafakari waliopata hofu kali, kukosa usingizi au kujihisi hawapo, na baadhi walihitaji msaada kwa muda mrefu. Upande wa Kundalini wana hadithi zao pia. Maarufu kuliko zote ni ya Gopi Krishna wa Kashmir, ambaye mwaka 1937 alipatwa na kile alichokiita kuamka kwa nguvu hiyo akaishia kuteseka kwa miaka. Yeye hakuwa mwanafunzi wa 3HO, lakini mtu akikwambia kuamka huko ni raha tupu, mtaje.

Kuhusu vipimo: mwaka 2020 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha jaribio la watu 226 wenye ugonjwa wa wasiwasi wa kudumu. Kundi moja lilifanya Kundalini yoga, la pili tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mwenendo, la tatu elimu ya msongo wa mawazo tu. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu walikuwa asilimia 54.2 kwa yoga, 70.8 kwa tiba na 33 kwa elimu. Miezi sita baadaye tiba bado iliipita elimu waziwazi, ila yoga haikuwa tena na tofauti ya kutegemewa kitakwimu. Nadhani huu ndio ushahidi muhimu kuliko wote kwa anayefikiria maisha yote: inasaidia kweli, na mtu mwenye ugonjwa asiifanye badala ya daktari. Kuhusu Kirtan Kriya, Helen Lavretsky na wenzake wa UCLA wameitumia kwa watu wanaouguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau na kuona hali zao za kihisia zikiboreka, kwa hizohizo dakika 12.

Dini yako

Njia zote mbili hujitangaza kuwa za kila mtu. Tuwe wakweli. Mantra za Kundalini zimejaa maneno ya Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Kisikh, na warithi wake, na ufunguzi wake ni kumsujudia mwalimu wa kimungu. Wasikh wengi wenyewe hawaitambui yoga hii kuwa sehemu ya dini yao. Kozi ya Goenka nayo huanza kwa kukimbilia Buddha, mafundisho yake na jumuiya yake, na kanuni zake zinataka usimamishe sala, mfungo, tasbihi na mantra zako kwa siku zote 10. Ambaye dini yake inamfaradhisha sala kila siku, kizuizi hiki ni kizito kuliko goti lolote. Kundalini haimkatazi kusali, inamwongezea tu maneno ambayo lazima aamue kama ulimi wake unayakubali. Akiona ugumu, kuna kriya zisizo na mantra kabisa, afanye hizo.

Halafu kuna hili la kuchanganya. Watu wa Kundalini hawajali ukifanya na kingine. Kwa Goenka ni marufuku wakati wa kozi, na kozi ndefu za siku 20 na kuendelea hutaka uwe umeshika njia hiyo peke yake kwa angalau miaka miwili. Kwa hiyo anayesema atazishika zote mbili maisha yote, ajue upande mmoja umeshamkatalia.

Pesa ni fupi kusema: Vipassana haitozi ada, unachangia ukishamaliza ikiwa umeona faida. Kundalini hulipiwa darasa, kambi na kozi za ualimu, na ngazi ya kwanza ya ualimu peke yake ni saa 220. Wengi hujisajili ualimu kwa sababu ndiyo njia pekee waliyoonyeshwa ya "kwenda ndani zaidi". Si kweli.

Ningemwambia nani achukue ipi

Kama una saa mbili kwa siku zisizo na mgogoro, akili isiyo na jeraha bichi, na unaona haya mbele ya mapambo na viongozi, nenda Vipassana. Kabla ya kuomba nafasi, kaa nyumbani dakika 20 kwa siku ukiangalia pumzi puani, kwa wiki kadhaa. Usipoweza hizo, siku 10 hazitakuwa rafiki.

Kama maisha yako yana vurugu, unapenda kuimba, mwili wako unataka kuhusishwa, na unaweza kumtenganisha mtu na zoezi alilolileta, Kundalini itakaa nawe muda mrefu zaidi kwa sababu ya zile dakika 11. Ila usiichukue yote. Acha kilemba, jina jipya na hesabu za nyota mpaka uone kama unavihitaji. Chukua kriya moja na taamuli moja, siku 40. Badilisha muda tu, usibadilishe zoezi kila unapochoka, kwa kuwa uchovu wa wiki ya tatu huwapata wote. Ukimaliza, ongeza hadi 120 kwa zoezi lilelile. Ndani ya siku hizo zitapita homa, safari na ugomvi wa nyumbani, na utaona mwenyewe kama unarudi mkekani bila kusukumwa. Kozi ya ualimu, nadhiri na nguo nyeupe vizungumzwe baada ya hapo.